Shule inafundisha ujasiriamali, dogo kauza karanga kapewa barua. Nisaidieni kuelewa

#1 Baba Wawili
Wakuu salaam.

Kijana wangu yuko kidato cha pili, shule ya kata, kutwa. Jina la shule naliacha. Jumatatu karudi na barua ya onyo: "kufanya biashara ndani ya eneo la shule". Ndoo yake ya lita kumi, ile nyeupe iliyokuwa ya rangi, imeshikiliwa kwa mwalimu wa nidhamu ikiwa na pakiti 43 za karanga. Kala na viboko sita. Mimi naitwa Alhamisi.

Sasa kichekesho. Usiku uleule kaniletea daftari la Elimu ya Biashara nisaini kwamba nimeona zoezi. Swali: taja sifa tano za mjasiriamali. Ya tatu kaandika kwa Kiingereza chao kwamba mjasiriamali ni mtu anayethubutu. Kapata vema. Nimesaini daftari na barua juu ya meza moja, kalamu moja.

Hesabu zake nimeziona. Kilo tatu za karanga mbichi 12,000. Chumvi na mkaa 1,000. Vifungashio 1,000. Anatoa pakiti 95 za mia mbili, ni 19,000. Faida elfu tano kwa siku tatu, na nauli haniombi tangu Februari.

Nauliza bila hasira: somo ni la lazima kwa wote siku hizi, kwa nini anayelifanya kwa vitendo anachapwa?

#2 Kijiko Jikoni
Siti ya mbele. Nimekuja na karanga zangu.

#3 Kifungu kwa Kifungu
Mkuu kabla ya karanga, hivyo viboko sita. Kanuni za adhabu ya viboko hapa Tanzania ni za 1979, zikarekebishwa 2002. Mwisho ni vinne, na anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, kisha inaandikwa kwenye kitabu. Alhamisi ombea kuona hicho kitabu. Usipige kelele, omba tu kukiona.

#4 Mtaa wa Pili
Sababu ni moja tu: duka la shule. Ukitaka kujua nani kamchongea dogo, angalia nani anauza maandazi pale karibu na ofisi. Hiyo tenda ina mwenyewe. Dogo kaingia kwenye soko la watu.

#5 MwlChaki
Mimi ni mwalimu, nafundisha hilohilo somo ingawa nilisomea Historia. Tulikosa mtu, nikakabidhiwa kitabu.

@Mtaa wa Pili usirahisishe. Tunazuia kwa sababu ya tumbo. Mwaka ule wa kipindupindu tulifunga kila kitu getini, hadi miwa. Mtoto akiuza kitu kakitengeneza kwao, darasa zima likaharisha, anayeitwa wilayani ni mkuu wa shule, si mama aliyekaanga.

#6 Mtaa wa Pili
Mwalimu, karanga za kukaanga na kipindupindu wapi na wapi? Ungesema juisi ningekuelewa.

#7 MwlChaki
Leo karanga, kesho juisi ya ukwaju ya maji ya kisima. Ukiruhusu ndoo moja, Ijumaa una ndoo kumi na tano, na kipindi cha tano mtu anahesabu chenji chini ya dawati. Nimeshuhudia. Kijana namfundisha leja, daftari la hesabu, yeye anapiga leja yake ya kweli chini ya dawati.

#8 Kijiko Jikoni
Huyo si ndiyo umpe A kabisa?

#9 Mzee wa Daftari
Vijana, hili jambo ni la zamani kuliko nyie. Sisi tulisoma chini ya Elimu ya Kujitegemea ya 1974. Shule ya msingi tulikuwa na ekari nne za pamba, bustani, na duka la ushirika wa shule. Mimi darasa la sita nilikuwa mtunza daftari la duka. Tuliuza kalamu, sabuni za mche tulizokata kwa uzi, chumvi na viberiti. Sabuni ya mche ina mapande kumi, lakini ukikata vibaya unapata tisa na kipisi, na kipisi ndiyo hasara yako. Hesabu za hasara nilizijulia hapo, si ubaoni. Hakuna aliyetuita wachuuzi.

#10 Kifungu kwa Kifungu
Mzee shikamoo. Marekebisho kidogo: Elimu ya Kujitegemea Mwalimu Nyerere aliitoa Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha. 1974 ni Azimio la Musoma.

#11 Mzee wa Daftari
Marahaba. Umesema kweli, kichwa kimechanganya. Mimi nilianza la kwanza 1970.

Na kwa kuwa umeligusa, kasome tena lile andiko. Mwalimu hakusema watoto walime tu. Alisema wanafunzi washirikishwe kupanga, waone hesabu, nao waamue mapato yatumikeje. Shuleni kwetu tulikaa chini ya mwembe, mwalimu mkuu akatusomea pamba imeuzwa kiasi gani, tukabishana kama inunuliwe mipira au mabati. Tukashinda wa mipira. Baadaye alikuja mwalimu mwingine, kikao kikafa, jembe likabaki. Na jembe likageuka adhabu: aliyechelewa akalime. Ukimfanya mtoto aone kazi ni adhabu, usishangae leo mwenye ndoo anaonekana mkosaji.

#12 Tranka Kuukuu
Mzee umenikumbusha mbali, ila naomba niwatoe shamba niwapeleke bwenini.

Nilisoma bweni kidato cha tano na sita, miaka ya 2000 mwanzoni. Biashara ilikuwa marufuku kabisa na kila mtu alifanya. Kulikuwa na jamaa ana wembe na kitana, kichwa mia moja. Kulikuwa na mchora michoro ya Baiolojia, moyo mia mbili, figo mia na hamsini kwa sababu figo ni rahisi. Kulikuwa na mwenye pasi ya mkaa. Na ukoko wa jikoni ulikuwa na bei yake, ukitegemea upo karibu na nani kwenye zamu ya wapishi.

Lakini mfalme alikuwa mtu wa sukari. Anakukopesha kikombe kimoja wiki ya pili ya muhula, unarudisha viwili ukitoka likizo. Wenye shida walikuwa walewale. Kufika Agosti kuna kijana alikuwa anadaiwa vikombe kumi na moja na tranka lake likawa rehani. Siku ya msako, kwenye tranka la mfalme zilikutwa kilo 19 za sukari, mashuka mawili ya watu na kiatu kimoja. Kimoja! Mwenyewe alikuwa anatembea na cha pili na ndala.

Kwa hiyo mimi sipingi biashara, ila nilielewa kwa nini matroni hakutaka. Haikuwa tumbo wala duka. Ni madeni. Watoto wa maskini wanaliwa na wenzao.

#13 Mtaa wa Pili
Hicho kiatu kimoja kimenivunja mbavu. Alikopa kikombe cha nusu?

#14 Mama Sufuria
Naomba na mimi niseme, kwa kuwa @Mtaa wa Pili kanitaja bila kunijua.

Mimi ndiye "mwenye tenda". Si shule hiyo ya mleta mada, ni nyingine, ila maisha ni yaleyale. Naamka saa tisa usiku. Maandazi 400, chapati 80, uji. Naipa shule elfu tisini kwa mwezi, risiti ninazo. Mwaka jana kibao cha shule kilipoanguka nilichangia, mashindano ya michezo nilichangia, mlinzi akiumwa nachangia. Halafu mtoto mmoja anakuja na ndoo, hana kodi, hana cheti cha afya, hapimwi kama mimi ninavyopimwa, anauza kwenye mlango wa darasa ambako mimi sitakiwi kukanyaga. Siku moja nilirudi na maandazi 130. Mia moja na thelathini, ndugu zangu. Nilikula na majirani mpaka watoto wangu wakayakataa.

Sijawahi kumchongea mtoto. Ila msiniite jambazi.

#15 Baba Wawili
Mama Sufuria pole na asante. Hili sikuliwaza. Dogo anauza mlangoni kweli, mapumziko ya saa nne.

#16 Mtaa wa Pili
Mama samahani. Lakini umethibitisha hoja yangu, tofauti ni kwamba mhusika hana kosa.

Hebu mwalimu atuambie hiyo elfu tisini inaenda wapi.

#17 MwlChaki
Inaenda kwenye mambo ambayo ruzuku haifiki. Tangu elimu bila ada ianze 2016, shule haigusi mchango wa mzazi bila kibali. Ruzuku kwa mwanafunzi wa sekondari ni 25,000 kwa mwaka, msingi 10,000. Gawa kwa miezi, toa karatasi za mitihani, toa umeme, toa matengenezo ya vyoo. Pesa pekee ambayo mkuu wa shule anaipata bila kuandika barua tatu ni ya duka na miradi. Kwa hiyo ndiyo, duka linalindwa. Sikukataa, nilisema usirahisishe.

#18 Bint Ng'ambo
Huku kwetu Unguja skuli yetu wanafunzi wa kike wa dakhalia (bweni) walikuwa wakiuza ubuyu. Mwalimu wa kike ndo alowafundisha: mbegu za ubuyu, sukari iyeyuke kwanza, rangi, iliki, pilipili manga kidogo, halafu ukoroge mpaka mkono ukatike. Wakauza kwenye maonesho ya skuli, watu wakapanga foleni. Muhula wa pili mwalimu kahamishwa. Ubuyu ukafa siku ileile. Kwa hivyo mie naona hakuna sera wala nini, kuna mwalimu mmoja tu kila pahala.

#19 Kijiko Jikoni
Dada tuache siasa, sukari kiasi gani kwa kilo ya mbegu?

#20 Bint Ng'ambo
Nusu kilo kwa kilo, na usiweke maji mengi utapata uji. Sasa turudi kwenye mada.

#21 Mvita Kwetu
Nasoma kutoka Mombasa. Msifikirie ni nyinyi peke yenu. Kenya mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza 1985 ulikuja na ushoni, useremala, upishi, kilimo, yote kwa nia hiihii ya mtoto atoke na kazi mkononi. Mimi darasa la saba niliambiwa nilete mkeka niliosuka. Sikujua kusuka. Mamangu alienda soko la Kongowea akanunua, akaufumua ukingo kidogo ili uonekane wa mtoto. Nilipata alama 38 kwa 40. Waalimu wakakusanya mikeka yote, ikauzwa, hatukuona hata senti. Kwa hivyo nilichojifunza ni kwamba mamangu ana akili.

Na kabla ya hapo kulikuwa na klabu za shule za 4K, Kupanda Kuvuna Kula Kuuza.

#22 Mtz wa Kampala
Hahaha, hizo K umejitungia. 4K ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Zilianza 1962, zikalala, zikazinduliwa upya 2021.

#23 Mvita Kwetu
Sawa, ila zangu zilikuwa za kweli zaidi.

#24 Mtz wa Kampala
Nipo Uganda mwaka wa nane. Huku A-level wana somo linaitwa Entrepreneurship na shule inatakiwa iwe na klabu ya biashara. Mtihani wa taifa una karatasi inayouliza klabu yenu ilifanya nini: mliuza nini, mtaji mlipata wapi, changamoto ipi. Kuna shirika Educate! lilianzia hukuhuku, linawaweka vijana kwenye klabu hizo wafungue biashara halisi, kisha likaingia Rwanda, ambako nako somo hilo ni la lazima sekondari.

Ninachotaka kusema: huku ndoo ya dogo ingeandikishwa kama mradi wa klabu na mwalimu angeijaza kwenye ripoti.

#25 MwlChaki
Mkuu unatupamba. Nina rafiki anafundisha Jinja, aliniambia klabu nyingi zinafufuka mwezi mmoja kabla ya mtihani. Wanatengeneza sabuni ya maji mara moja, wanapiga picha, wanakariri changamoto.

#26 Mtz wa Kampala
Siwezi kukataa. Mpangaji mwenzangu ana binti, kakariri "changamoto ya mtaji mdogo" wakati mtaji walipewa bure. Ila hata huyo anajua kutengeneza hiyo sabuni. Nanunua kwake lita tano kila mwezi.

#27 MwlChaki
Basi na mimi nimwage yangu, maana mnadhani walimu hatujaribu.

Mwaka juzi niliomba mradi wa kuku wa nyama. Mkuu wa shule akakubali, kamati ikatoa mtaji. Vifaranga 100 kwa 1,800, ni 180,000. Chakula mifuko saba kwa 70,000, ni 490,000. Chanjo, mkaa, maranda 45,000. Jumla 715,000. Nikachagua wanafunzi 12 wa klabu. Zamu za usiku walilala watoto wa jirani na shule pamoja na mlinzi, jiko la mkaa katikati ya banda, chungu juu yake ili joto litoke polepole. Chanjo ya kideri siku ya saba, ya Gumboro siku ya kumi na nne, ya kideri tena ya ishirini na moja. Watoto waliandika kila kifo: tarehe, saa, mkao wa kuku. Kuna binti aliandika "amekufa kwa huzuni". Vilikufa tisa tu.

Kosa langu lilikuwa kalenda. Vifaranga vilichelewa kufika kwa wiki mbili, nikaona si kitu. Wiki ya tano ikaangukia siku nne kabla ya likizo ya Juni. Tukauza 40 kwa 8,000. Wiki inayofuata shule imefungwa, watoto hawapo, chakula kimebaki debe moja, mchuuzi kasikia harufu ya shida. Akachukua 51 zilizobaki kwa 6,500 na alichagua muda wa kuja: saa moja jioni, ili nisiweze kukataa.

Jumla tuliingiza 651,500. Hasara 63,500.

Muhula ulipofunguliwa watoto wakaketi na daftari wakaipata hiyo hasara wenyewe, hadi mia tano ya mwisho. Nilijivunia kuliko kitu chochote nilichowahi kufundisha. Nikapeleka ripoti. Ikarudi imeandikwa juu kwa kalamu nyekundu: "Andika mafanikio." Kwenye taarifa iliyokwenda juu ya shule, mradi ulifanikiwa.

#28 Mzee wa Daftari
Mwalimu, hiyo "andika mafanikio" ndiyo ugonjwa wenyewe. Mnafukuzana na ndoo bure.

#29 Banda la Kuku
Mwalimu heshima kwako, lakini mimi nafuga, ninaomba nikukosoe kwa upendo.

Moja, unailaumu likizo wakati kuku wa nyama ungeanza kuwatoa siku ya 28 hadi 30 hata kwa bei ya chini kidogo, ukaokoa chakula cha wiki ya mwisho ndicho kinachokula faida. Mbili, kuku 91 na waliokufa njiani, wiki tano, kila mmoja kilo tatu hadi tatu na nusu. Hiyo ni mifuko sita na kidogo. Wewe umetumia saba kasoro debe. Kuna nusu mfuko hivi imetembea.

#30 Kijiko Jikoni
Nusu mfuko ilienda likizo mapema.

#31 MwlChaki
Panya walikuwepo.

#32 Banda la Kuku
Panya mwenye miguu miwili, mwalimu. Mlinzi anafuga?

#33 MwlChaki
...Ana kuku wa kienyeji. Sitaki kuongea.

#34 Tranka Kuukuu
Daa, kesi imekwisha miaka miwili baadaye.

#35 Kifungu kwa Kifungu
Nirudi kwenye sheria maana kuna mtu atasema ni ajira ya watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, mradi isimdhuru wala isimzuie kusoma. Dogo wa kidato cha pili bila shaka ana 14 au 15. Kwa hiyo sheria ya nchi haina ugomvi na karanga. Ugomvi ni kanuni ya shule, na kanuni ya shule inaweza kubadilishwa na bodi. Mleta mada bodi ya shule yenu ina wazazi, wajua?

#36 Mtaa wa Pili
Zile zamu za usiku bandani nazo ni kazi nyepesi? Naona mtoto akiuza cha kwake ni kosa, akilinda kuku wa shule saa nane usiku ni mradi.

#37 MwlChaki
Hapo umenipata. Nguvu ya watoto hatukuiweka kwenye hesabu. Tungeiweka, hasara ingekuwa mara tatu.

#38 Mvita Kwetu
Kama mikeka yetu!

#39 Msukuma Mkokoteni
Mimi nina maelezo tofauti na yote. Somo linafundishwa Kiingereza, karanga zinauzwa Kiswahili. Mwalimu akimwona dogo anaita "karanga za moto, mia mbili mia mbili" haoni ujasiriamali, anaona umachinga. Angesimama mstarini na karatasi aseme kwa Kiingereza ana wazo la biashara, angepigiwa makofi na kupelekwa maonesho ya wilaya. Mimi niliishia darasa la saba, nina mikokoteni sita.

#40 Mama Sufuria
Hapo umesema. Binti yangu anasoma biashara chuo, likizo anaona aibu kushika beseni la maandazi.

#41 Bint Ng'ambo
Mie sikubaliani na #39. Ubuyu wetu uliuzwa kwa Kiswahili kitupu na mwalimu akifurahi. Narudi palepale, ni mwalimu tu.

#42 Ndoo ya Barafu
Nimepita na barafu zangu. Nilisoma kwa hizi miaka minne. Siku hizi mdogo wangu hawezi, wanamwambia vile vifuko vya plastiki vimekatazwa tangu 2019.

#43 Kifungu kwa Kifungu
Katazo la Juni 2019 ni la mifuko ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa havikukatazwa, ila viwe vimekidhi viwango. Vile vifuko laini visivyo na alama yoyote ndivyo vyenye matatizo. Na karanga za dogo zimefungwa na nini, @Baba Wawili?

#44 Baba Wawili
Karatasi za madaftari ya zamani. Ya Hisabati, kidato cha kwanza.

#45 Kijiko Jikoni
Kwa hiyo elfu moja ya vifungashio kwenye hesabu ya #1 ilienda wapi?

#46 Baba Wawili
...Ngoja nimwulize.

#47 Banda la Kuku
Nusu mfuko nyingine hiyo.

#48 Tranka Kuukuu
Wenye uzoefu na mikopo ya sukari tunalijua hilo: vifungashio ndiyo akaunti ya siri. Dogo ni mfanyabiashara kamili, mwacheni.

#49 Mzee wa Daftari
Mleta mada, ukienda Alhamisi usiende kugombana. Mwambie mkuu wa shule kijana aandikwe kwenye klabu, auze siku mbili kwa wiki, mapumziko tu, mbali na mlango wa darasa, na atoe sehemu kwa shule. Tulifanya hivyo na muuza miwa mwaka 1975.

#50 Mama Sufuria
Siku mbili sawa. Ila zisiwe Jumatatu na Ijumaa, hizo ndizo siku zangu.

#51 MwlChaki
Mzee, wazo zuri, ila atakayesimamia klabu ni mimi au mwenzangu kama mimi mwenye vipindi 26 kwa wiki. Na mwezi ujao kutakuwa na watoto kumi na tano wanaotaka kuandikwa. Nani atachagua nani auze? Watoto wa walimu wataingia wa kwanza, nawaambieni.

#52 Mtaa wa Pili
Halafu mtasema tumbo.

#53 Baba Wawili
Mrejesho wa Alhamisi.

Nimefika, mkuu wa shule mtu mpole kuliko nilivyotegemea. Kitabu cha viboko niliomba kukiona. Kimetafutwa dakika ishirini, kimepatikana, ukurasa wa mwisho ni wa mwaka jana. Mwalimu wa nidhamu akawa na shughuli nje ghafla. Nikaambiwa halitajirudia.

Kuhusu biashara: kila mtu alitoa sababu yake. Mkuu wa shule alisema afya. Mwalimu wa taaluma alisema vipindi. Mhasibu alitaja "mkataba na mzabuni" kisha akanyamaza. Mwalimu wa somo lenyewe, kijana mdogo, alinong'ona mlangoni kwamba yeye angemruhusu. Wazo la mzee wa #49 limepelekwa kwenye bodi, kikao ni Septemba.

Ndoo nimerudishiwa. Karanga hazikuwemo hata moja. Nikauliza, mwalimu wa nidhamu karudi akasema ziliharibika. Siku tatu, karanga za kukaanga, zimeharibika.

Nyumbani nimemweleza dogo. Hakushtuka. Kafungua daftari lake la mauzo, upande wa wadaiwa, kaniandikia mbele yangu: Ofisi ya walimu, pakiti 43, 8,600. Tarehe kaweka ya Jumatatu.

Kuhusu vifungashio: ilikuwa mia moja ya uzi. Mia tisa alikuwa anakula chipsi.

#54 Banda la Kuku
Amefungua akaunti ya wadaiwa, safi. Sasa amwambie MwlChaki afungue ya mlinzi.

#55 MwlChaki
Mlinzi alistaafu. Kuku wake walibaki, wapo wengi sana kwa kweli.

#56 Kijiko Jikoni
@Baba Wawili dogo Jumamosi anauza wapi? Nipo tayari kuchukua pakiti ishirini, keshi, sitaki kuandikwa.